Akiba haiozi, mbona yetu inaoza?

Hotuba hii niliitoa tarehe 29 Septemba, siku ambayo dunia nzima inazungumzia chakula kinachopotea na kutupwa, pale ukumbini kwetu Mwanakwerekwe. Waliokua Pemba siku ile na waliobanwa na kazi waliniomba niiweke yote, na mimi nimeiweka kama ilivotoka mdomoni, picha za ukutani tu ndo sikuzitia.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe zetu, sheha wetu, wazee, mama zangu wapishi wa shughuli, ndugu zangu wachuuzi wa Darajani na wa hapahapa Mwanakwerekwe, watu wa dikoni, vijana munaofanya kazi mahotelini na leo mumeomba ruhusa mukaja, ahsanteni sana. Jua la leo nalijua. Najua pia kuna mama humu ameacha sufuria motoni na jirani ndo anamuangalizia.

Nianze na swali moja. Jana usiku, kabla hujazima taa ya jiko, ulitupa nini? Musininyooshee mkono, kila mtu ajijibu moyoni mwake. Wali wa mchana? Mkate wa juzi ulioota ukungu? Nusu tikiti lililosahaulika nyuma ya friji? Mchuzi ambao hakuna alokumbuka kuuchemsha? Mimi juzi nilimwaga bakuli zima la mchuzi wa nazi, na bei ya nazi sasaivi munaijua.

Wazee wetu wametuachia msemo, akiba haiozi. Tunautumia sana tukizungumza pesa. Lakini hebu tufikiri, bibi yangu mimi kule Pemba alipokua akiusema alikua na nini ndani mwake? Juu ya jiko kulikua na uchaga, na uchagani kulikua na ng'onda walopasuliwa wakatiwa chumvi wakaanikwa mpaka wakakauka kama ubao, kulikua na makopa ya muhogo, kulikua na chupa ya achari ya embe imefungwa kitambaa mdomoni. Akiba ya bibi haikuoza kwa sababu bibi aliifanyia kazi isioze. Alikaa juani akaigeuza. Yetu leo iko wapi? Iko kwenye friji, na umeme ukikatika asubuhi ukarudi alasiri ndo ishakwenda hiyo.

Kwa hivo leo nna neno moja tu na nitalisema kwa visa, maana mimi sijui kuzungumza bila ya visa. Chakula hakitupwi saa ile tunapokimwaga. Kinakua kishatupwa zamani, siku ile tuliponunua, tulipochuma, tulipotia mchele sufuriani bila kujua kitakwenda kwa nani. Chakula kisichopangiwa njia ndo kinachooza. Tupange njia kwanza, alafu ndo tuwashe moto.

Kisa cha kwanza ni cha harusi. Mwaka sitousema na nyumba sitoitaja, lakini mimi nilikuwepo jikoni kwa hivo najieleza na mimi. Walioalikwa ni watu mia tatu. Tukapika ya watu mia tano. Kwa nini? Munajua nyote kwa nini. Hakuna nyumba Unguja wala Pemba inayotaka kuambiwa chakula kilipunguka. Neno hilo moja, "kilipunguka", linaweza kumfata bibi harusi mpaka anazaa mtoto wa tatu. Basi kila alopita jikoni akasema ongezeni, shangazi akasema ongezeni, mjomba akaleta polo la mchele la pili, na sisi wapishi tukaongeza kwa sababu na sisi jina letu limo mule sufuriani.

Siku yenyewe mvua ikanyesha kutoka adhuhuri. Wageni wa shamba hawakufika, gari hazikuwepo. Watu wakala, wakashiba, wakafungiwa na mifuko, na saa sita ya usiku masufuria mawili makubwa, yale ya kubebwa na watu wanne, yamejaa pilau mpaka ukingoni. Tukaangaliana. Nani achukue? Wapi tupeleke? Saa sita ya usiku utamgongea nani mlango umwambie amka nimekuletea pilau? Na ukimgongea atasema nini, si atasema wamekula wakashiba ndo sasa wananikumbuka? Tukafunika. Tukaenda kulala, maana tulikua tumechoka hata kusimama hatuwezi.

Asubuhi mimi ndo nilofunua. Naikumbuka mpaka leo. Maji yalokusanyika chini ya kifuniko yakamwagika juu ya wali, joto likanipiga usoni, kwa sababu sufuria kubwa katikati yake halipoi usiku kucha, na harufu ilokuja mwanzo ilikua ya iliki na mdalasini, nzuri tu, alafu chini yake uchachu. Nikachota kwa upawa. Nyama ilikua inateleza.

Vijana wakachimba shimo nyuma ya nyumba. Tukamimina. Kuna mtoto wa jirani, mama yake mjane ana watoto wanne, yule mtoto alikua kasimama kwenye ua na yunifomu ya skuli, akatuangalia tunavyomimina vipande vya nyama shimoni, akauliza, "Bi, mbona munaufukia?"

Jamani, ningemjibu nini? Nyumba yao na ile sufuria ilikua hatua ishirini. Hatua ishirini, na ua mmoja wa makuti baina yao. Mchana wa jana yake, pilau ile ilipokua moto na safi, angekula yeye na ndugu zake na kubaki. Sisi hatukua watu wa roho mbaya. Hakuna alosema asipewe. Ila hakuna alokua amepangiwa kumpelekea, na kila mmoja alidhani kuna mwengine.

Sasa hapa nisimame kidogo kwenye wali, kwa sababu mama zangu wengi wanasema si ungechemsha tena. Hapana mama. Wali una vijidudu vyake ambavyo mbegu zao haziuliwi na moto wa kupikia, zinabaki mule, na wali ukikaa katika vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na ile sumu hata uchemshe tena haiondoki. Ndo maana wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita digrii 32, yani kwetu sisi kaskazi yote, kisipite saa moja. Kiporo cha bibi zetu kilikua cha sufuria dogo, kikapoa upesi, kikatiwa moto alfajiri. Sufuria la shughuli si kiporo hicho. Ukitaka kulipoza, litoe wali wote, utandaze kwenye masinia, utandaze mwembamba, upepo uupige, ndo utie kwenye vyombo. Usifunike sufuria la kilo ishirini ukenda kulala.

Baada ya siku ile sisi wapishi watano tulikaa. Hatukuita semina, tulikaa barazani na birika la chai. Tukasema hivi, kuanzia leo tukiitwa shughuli tunaweka sharti, sufuria la kwanza halipakuliwi mgeni. Likiiva tu, kabla hata majamvi hayajatandikwa, linapakuliwa kwenye vyombo vya kwenda majumbani. Yule mjane, yule mzee anaeumwa, madrasa ya jirani, mafundi wanaojenga kule nyuma. Linatoka moto, linatoka mchana, linatoka limejaa nyama na mbatata kama la wageni.

Munaona kilichogeuka? Chakula ni kilekile. Mchele uleule. Lakini kwanza kilikua makombo na sasa ni fungu. Mtu ukimpa makombo unamshusha, anapokea huku kainamisha uso, na mara nyengine anakwambia tumeshakula na huku hawajala. Mtu ukimpa fungu lake kabla ya wageni, umemhisabu. Na watu wakishahisabiwa hapo ndo hesabu yenyewe ya mchele inakaa sawa, kwa sababu mwenye shughuli sasa anajua kingi kitakwenda wapi, hofu ya kupunguka inampungua, haongezi polo la pili gizani.

Mwanzo tulikataliwa. Mama mmoja alituambia nyinyi mumeitwa kupika au kugawa? Tukamwambia mama, tukipika bila kugawa tutafukia, na kufukia umeshakuona. Wenye shughuli wengine hawakututaka tena, na hilo lipo. Wengine wametuita kwa sababu hiyohiyo.

Ndugu zangu, hichi ndo kinachoitwa ubunifu wa kijamii. Watu wakisikia neno ubunifu wanafikiri lazima iwe programu ya simu au mashine kutoka nje. Vinaweza kuwepo, sivikatai. Lakini kilichobadilika pale ni nani anaanza kupakuliwa. Basi.

Na musidhani aibu hii ni ya kwetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024, likahesabu chakula kilichotupwa duniani kwa mwaka 2022 tu, kikafika tani bilioni 1.05. Ukigawa kwa kila binaadamu ni kilo 132 kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo watu wanaokadiriwa kufika hadi milioni 783 walikua na njaa. Sasa nikuulizeni, kingi kinatupwa wapi? Mahotelini? Madukani? Wengi tungejibu hivo. Kumbe asilimia 60 inatoka majumbani. Mikahawa na sehemu za kulia ni 28, maduka ni 12. Majumbani jamani. Jikoni kwangu na kwako. Na ripoti hiyohiyo inasema si nchi za matajiri peke yake, kwenye majumba tofauti baina ya tajiri na maskini ni ndogo kuliko tunavodhani.

Wala watu wanaotafuta dawa si lazima wawe wakubwa. Marekani, mji wa Phoenix, mwaka 1967 kulikua na bwana mmoja John van Hengel, mtu wa kujitolea kwenye jiko la kulisha masikini. Akakutana na mama mwenye watoto wengi ambae alikua akiwalisha kwa kuokota vitu vizima kwenye mapipa ya duka. Yule mama ndo alomwambia panafaa pawepo mahala kama benki, mwenye cha ziada aweke, mwenye haja achukue. Bwana yule akafungua, ikawa benki ya chakula ya kwanza, na leo zipo nchi nyingi. Fikra imetoka kwa mama anaeokota jaani! Ndo maana nasema tukikaa kupanga mambo haya yule mjane wangu nae awepo barazani, asisubiri kuletewa. Na kule India, Delhi, mwaka 2014 vijana wakaanza kundi wakaliita Robin Hood Army, wanapita mikahawani usiku kukusanya kilichobaki kizima wanapeleka kwa wasio nacho, na sharti lao hawapokei pesa ya mtu. Kinachotakiwa ni muda wako tu.

Sisi nasi tulikua na mtandao wetu kabla ya mitandao hii. Munakumbuka sahani za futari? Walozaliwa miaka ya karibuni labda mumesikia tu. Jua likikaribia kuzama mwezi wa Ramadhani, kila nyumba inatoka mtoto na sahani imefunikwa kawa, huyu kachukua muhogo wa nazi, huyu tambi, huyu ndizi mbivu, wanapishana njiani hawakimbii maana mchuzi utamwagika, na sahani ilokwenda na ndizi inarudi na mbatata. Sahani hairudi tupu, ilikua mwiko kurudi tupu. Alopika kingi kimekwenda, alopika kidogo kimeingia, na hakuna alojua nani leo hakupika kabisa, kwa sababu sahani zilikua nyingi hazihisabiki. Wallahi mimi kila nikisoma hizi habari za programu za simu za kugawana chakula naiona ile sahani na kawa lake.

Nini kimeikata ile njia? Kuta zimepanda. Nyumba za ghorofa, geti linafungwa. Watoto wako tuisheni mpaka magharibi. Na jirani hatumjui jina. Lakini mtaa mmoja hapa jirani Ramadhani ilopita akinamama wamefungua kundi la wasap, kazi yake moja tu, kuanzia saa kumi na nusu unaandika "nina uji wa kutosha watu sita" au "nimezidisha chapati", na anaehitaji anamtumia mwenye kundi ujumbe wa pembeni, haandiki hadharani. Hilo la pembeni ndo muhimu. Haya ya mtu musiichezee.

Sasa tuhame mjini twende shamba, maana vuli hii inakuja na embe zinakuja. Mamaangu mdogo yuko Mkoani na ana miembe ya boribo, na kila mwaka mwezi wa Disemba hadithi ni ileile. Zinaiva pamoja, zote, kila nyumba, bei inaanguka, nyengine haziletwi hata barabarani, zinaoza chini ya mti na nyigu. Nilikwenda mwaka mmoja nikakuta chini ya mti mmoja pamekua na tabaka ya embe, ukikanyaga mguu unazama, na harufu yake tamu mpaka inakutia kichefuchefu. Na zile zinazochumwa, tunazichumaje? Kijana anapanda anatikisa tawi, embe zinaporomoka, mtu wa chini anazoa anatia kwenye polo, polo linakaliwa juu kwenye gari, likifika bandarini linarushwa, meli inakwenda usiku, asubuhi Unguja unafungua polo nusu imeshalainika upande mmoja. Embe ilopata kishindo haikuambii siku hiyohiyo. Inakuambia siku ya pili.

Mwaka ule tulijaribu kitu kidogo. Ufito mrefu wenye kimfuko cha wavu nchani na kisu, unaingiza embe kwenye kimfuko, unakata na kikonyo kirefu kidogo. Kile kikonyo usikidharau, ukikivunja pale shingoni utomvu unamwagika juu ya ganda na unaliunguza, embe inapata madoa meusi na hakuna anaeitaka. Ukishusha unapunguza kikonyo na kuilaza kichwa chini juu ya majani makavu, utomvu unadondoka pembeni. Alafu badala ya polo ikaingia kwenye makreti ya plastiki, na makreti hatukununua kila mtu ya kwake, nyumba saba zimechanga makreti ishirini yanazunguka, leo kwako kesho kwangu. Kijana mmoja kapewa kazi ya kuyarejesha na meli ya kurudi, analipwa nauli na embe zake. Ile ndo ilokua ngumu kuliko zote, kuyarejesha! Mwanzo yalikua yakifika mjini yanageuka viti vya wauza madafu. Ikabidi kila kreti liandikwe rangi, na mchuuzi wa mjini asilipwe fungu la mwisho mpaka makreti yapande meli.

Hichi cha kuchangia chombo wenzetu wamekipeleka mbali. Nigeria yupo mkulima anaitwa Nnaemeka Ikegwuonu, alikasirishwa na tungule na mboga kuozea sokoni, akaanzisha ColdHubs, vyumba vya baridi vinavyotumia umeme wa jua, vimejengwa palepale sokoni na mashambani. Mchuuzi hanunui friji, hana uwezo huo. Analipia kreti moja kwa siku moja, anaweka, kesho anakuja kuchukua auze. Mboga ambayo ingekaa siku mbili inafika hata siku ishirini na moja. Nikifikiri Darajani jioni, yale matenga ya tungule yalokaa juani toka asubuhi, yule mama anauza fungu kwa bei ya kutupa kwa sababu anajua kesho hazipo. Na ndugu zangu wa dikoni hivohivo, samaki anaanza kuharibika ngalawani kabla hajafika mnadani, kwa sababu barafu ya mtu mmoja ni gharama na ya watu kumi ni nafuu, ila kumi hao hawajakaa pamoja. Jua tunalo sisi, tena tunalo la kutosha. Naiomba serikali yetu na wenye uwezo walomo humu, soko moja tu, chumba kimoja, tuanze.

Mashekhe, najua muda, nimebakisha la mahoteli na sitolipita haraka maana vijana wetu wamo mule.

Mwaka 2024 walotutembelea Zanzibar kutoka nje walipita laki saba. Alhamdulillahi, watu wanapata kazi. Lakini muulize kijana anaefanya kazi jikoni kwenye bufee kinatupwa nini ikifika saa nne na nusu asubuhi. Kuna kijana wa hapa mtaani, hoteli siitaji, aliniambia kila siku alikua anamwaga maembe yalokatwa, mayai, mikate, nyama, kwenye mapipa, alafu akitoka getini mlinzi anampekua mkoba asije akawa kachukua kipande cha keki. Aliniambia, "Bi, mimi natupa chakula cha watu hamsini nikitoka hapo nakwenda nunua mkate wa mkopo." Alilia. Mtu mzima, ana ndevu, alilia mbele yangu.

Nimezungumza na mameneja wawili watatu, na nataka niwe muadilifu, wana hofu ya kweli. Wanaogopa mtu akiumwa tumbo watashitakiwa, wanaogopa wafanyakazi watapika kingi makusudi kibaki. Hofu hizo zina majibu. Ufaransa mwaka 2016 wametunga sheria, maduka makubwa yanayozidi mita za mraba 400 hayaruhusiwi kuharibu chakula kizima kilichobaki, yafunge mkataba na jumuiya za kugawa. Mkataba unasema nani anapokea, saa ngapi, kwa joto gani, na kuanzia hapo dhamana ni ya nani. Hilo ndo la kuandika hata hapa. Na kabla ya kugawa kuna kupunguza. Utafiti ulofanywa kwenye hoteli za Norway ukachapishwa mwaka 2013, walipunguza ukubwa wa sahani za bufee tu, sahani ndogo, na chakula kilichotupwa kikapungua kama asilimia 20. Mgeni anaruhusiwa kurudi mara nne akitaka. Ila jicho lake limetulia.

Na kile ambacho kweli hakiliki tena, maganda, mabaki ya sahani za watu, nacho kisende jaani Kibele kikaoze na kutoa gesi. Kuna nzi mweusi fulani, si huyu wa chooni, funza wake wanakula mabaki ya jikoni ndani ya wiki mbili wananenepa, wanakaushwa wanakua chakula cha kuku na samaki, na kinachobaki ni mbolea. Wafugaji wa kuku humu munaolalamikia bei ya chakula cha kuku tuonane pembeni, leo sitolimaliza.

Sasa narudi kwetu, kwa sababu kuna jambo la kufanya na si la mwakani.

Jumamosi hii kuna shughuli, familia imeshakubali sharti letu, na tunaishukuru. Sufuria la kwanza linatoka saa nne na nusu asubuhi, linatakiwa liwe limeshafika majumbani kabla ya adhuhuri. Nyumba za kupelekewa zimeandikwa kwenye daftari, daftari liko kwa mama mmoja tu, halisomwi kwa sauti na halipigwi picha, atakaepewa chombo ataoneshwa mlango wake tu. Nataka vijana kumi wenye baiskeli au vespa. Nataka hotipoti kubwa za kuazima, ziandikwe jina chini kwa rangi ya kucha zisipotee. Sufuria likishuka motoni tusizidishe saa moja halijapakuliwa, kwa hivo anaesema atakuja saa nne awepo saa nne, si saa nne ya kwetu.

Na mama zangu, mulokua na kawa majumbani mwenu, zile za ukili za zamani zilizotundikwa ukutani kama pambo, ziteremsheni mutuletee. Vyombo tumepata, kawa ndo hazitoshi. Mimi nitakaa pale mlangoni baada ya dua kuandika.